Picha ya shanga: lile doa jeupe linatoka wapi?

Mama aliyetupokea mtaani Nyakasanza hakutaka jina lake litoke gazetini, nasi tumemkubalia. Kazi yake ni kushona shanga: mikoba, viatu vya wazi, mikanda ya sikukuu. Mume wake yuko karre, upande wa Mongbwalu. Akipata anatuma, asipopata hatumi, na wasomaji wetu wengi wanajua hesabu hiyo bila sisi kuwaeleza. Majuma ambayo shimo limejaa maji ao njia imefungwa, sindano ya mama ndiyo inaweka sufuria juu ya moto.

Tulifika kwake juu ya jambo ambalo mwanzoni tuliliona kuwa dogo. Mkongomani mwenzetu anayeuza vitu vya mkono kule Kampala alimwagiza mikoba sita. Mama alimaliza wa kwanza, akaulaza mezani usiku, akaupiga picha kwa simu, flashi ikawaka, akaituma kwa WhatsApp. Asubuhi jibu likaingia: "Mama, hii haiko shanga, iko plastiki. Mi nilitaka kama ile ya mwaka jana."

Shanga zilikuwa zilezile, za kioo, kutoka pakiti ileile. Lakini tulipoitazama picha yenyewe tulimwelewa mteja pia. Nyeusi imekuwa kijivu, bluu imepauka, na katikati ya mkoba kuna doa jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Mshono ambao mama aliukalia siku 9 hauonekani. Mikoba mitano iliyobaki ikasimamishwa.

"Mi nikawaza telefone imezeeka," alituambia. "Nikasema ninunue ingine. Dola mia moja makumi mbili! Nitatoa wapi?"

Asinunue. Simu yake haina kosa, na picha nzuri ya kitu kinachong'aa inaweza kupigwa na simu ya bei ndogo kabisa iliyoko sokoni Bunia. Ndani ya simu hiyohiyo kulikuwa na picha nyingine, ya zamani, ambayo mama alitufungulia mwisho wa ziara yetu. Tutaifikia.

Kabla ya kumfundisha mtu, tuungame letu. Siku moja tulitumwa kupiga picha ya ubao wa shaba, moja ya zile kazi za shaba iliyogongwa kwa nyundo ambazo mafundi wa Lubumbashi wanatengeneza na ambazo zinatundikwa katika salo nyingi za nchi hii. Ilipotoka, msomaji mmoja alituuliza kama ni tanuri la mikate. Katikati kulikuwa weupe mtupu, na kandokando, ukichunguza, mtu mwenye shati la mistari ameinua viwiko. Mtu huyo alikuwa mpiga picha wetu. Shaba ilikuwa imempiga picha yeye.

Baseni kwenye kivuli

Siku ile, aliyeeleza jambo vizuri kuliko sisi hakuwa fundi wa picha. Alikuwa shemeji wa mama, mchimbaji aliyeshuka mjini kutibiwa mguu. Alikuwa amekaa upenuni akitusikiliza tunavyohangaika kutafuta maneno, mpaka akachoka.

"Shemeji," alimwambia mama, "hii mambo sisi kwa karre tunaijua. Ukiosha mchanga, kila kitu kinametameta kwa jua. Sasa unageuza baseni pole pole. Ile inawaka halafu inazima, iko uongo. Unaipeleka kwa kivuli cha mwili yako. Zahabu yenyewe haiogope kivuli. Inabakia manjano."

Tungeweza kumaliza habari hapo. Vipande vya mika na vya piriti vinang'aa pale tu jua linapovigonga kwa pembe fulani; ukivigeuza kidogo vinakuwa giza. Dhahabu haihitaji kugongwa na jua ili ionyeshe rangi yake. Kila mchimbaji anajua kwamba mmeto ni jambo moja na rangi ni jambo lingine, na kwamba ukitaka kuona rangi unaukimbia mmeto. Ila akirudi nyumbani anapiga picha ya viatu vya mke wake juani, saa sita.

Mwanga juu ya kitu laini unatembea kama mpira wa watoto ukutani. Ukiutupa kutoka kushoto, unaenda kulia, kwa pembe ileile uliyojia. Ukiutupa ukutani sawasawa mbele yako, unakurudia usoni. Basi flashi ya simu iko upana wa kidole kutoka jicho la kamera. Ukisimama mbele ya shanga, ya kioo, ya ubao uliopakwa vernisi, na kuwasha flashi, unajitupia mpira kwenye paji la uso. Doa lile jeupe ni flashi yenyewe, imejipiga picha. Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwa watu wengi ndilo litakalotosha, ni kuizima. Ile alama ya radi kwenye kioo cha simu, iguse mpaka ipigwe mstari.

Jambo la pili ni kusogea. Kila doa lina njia yake, na kamera ikitoka kwenye njia hiyo, doa linatoweka. Tuliuhamisha mkoba wa mama kutoka mezani hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, jua haliingii ndani, lakini mwanga wa uani unaingia. Tukaweka kigoda hatua moja ndani ya kizingiti, juu yake kitenge cheusi kilichogeuzwa upande usio na maua, na mkoba juu ya kitenge. Mlango ukawa kushoto kwetu, wala si mbele wala si nyuma. Upande wa kulia ulibaki na giza, basi mtoto wa nyumba akashika kartoni nyeupe kurudisha mwanga kidogo. Halafu hatukubonyeza. Tuliangalia kioo cha simu huku mama akiugeuza mkoba polepole, kama baseni. Doa likasogea, likapanda pembeni, likatoka. Hapo ndipo tulibonyeza, mara moja.

Watu wanabonyeza mara ishirini wakitumaini picha ya ishirini na moja. Picha ya kitu kinachong'aa inatafutwa kwa kugeuza.

Kulikuwa bado na ukungu mweupe juu ya picha yote. Huo haukutoka kwa shanga. Jicho la kamera lilikuwa na mafuta ya vidole. Simu ya mama inaishi jikoni. Tulipangusa kwa kitambaa safi cha pamba, ukungu ukaisha. Mara nyingine mambo ni hayo tu.

Sasa kuna kosa la watu wanaokwisha kujifunza haya, nalo ni kuua mmeto wote. Shanga ni kitu cha mviringo. Kila moja ni kioo kidogo kilichovimba, na popote utakaposimama kutakuwa na nukta moja ya mwanga juu yake. Huwezi kuitoa nukta hiyo, na usitake. Shanga isiyo na nukta inafanana na punje ya mtama, na mteja atasema tena kwamba si kioo. Tunachotaka ni nukta ndogo na tulivu, si mwali. Siri yake ni ukubwa wa mwanga. Taa moja ndogo inatoa nukta kali inayochoma. Mlango mzima, ao mbingu yote yenye mawingu, unatoa mng'ao mpana na laini unaoonyesha umbo la kila punje.

Ndiyo maana siku ya mawingu, ambayo watu wanasema ni mbaya kwa picha, ndiyo siku nzuri kabisa kwa kazi hii. Bunia tumejaliwa mawingu.

Siku ya jua, saa ni muhimu. Mji wetu uko karibu sana na ikweta, mwaka mzima jua linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na saa sita ya mchana linasimama karibu juu ya kichwa. Kati ya saa nne na saa tisa, kitu kilicholazwa nje kinapigwa kutoka juu, na wewe unayekiinamia uko palepale mpira unaporudi. Piga saa mbili asubuhi, ao baada ya saa kumi, na kitu kiwe kivulini, upande wa nyumba usiopigwa na jua. Kama huna nyumba yenye upenu, turubai jeupe linatosha: chini yake mwanga ni laini kama wa mawingu. Lakini chini ya turubai la bluu kila kitu kinakuwa bluu, hata shanga za manjano, na mteja akipokea mkoba atasema ulimdanganya. Ukuta uliopakwa rangi ya kijani kibichi unafanya hivyohivyo. Hata manjanja mapya ya jirani yanarusha mwali ambao hutajua umetoka wapi mpaka ugeuke.

Usichanganye pia taa ya ndani na mwanga wa mlango. Zima taa. Vinginevyo upande mmoja wa mkoba utakuwa wa manjano na mwingine wa samawati.

Neno moja kuhusu kutuma. WhatsApp inapunguza picha ili isafiri haraka, na katika kupunguza huko punje ndogo zinayeyuka zikawa uji. Ukiituma kama dokima, kwa njia ileile unayotumia kutuma barua, inafika nzima. Inakula megabaiti zaidi, kweli. Tuma moja nzima na nyingine za kawaida.

Shaba, na miwani ya motari

Shaba iliyogongwa, aluminiamu iliyosuguliwa, shaba ya manjano: hapa sheria ni ileile lakini ukali umezidi. Chuma kilichosuguliwa hakionyeshi rangi yake tu, kinaonyesha kila kilicho mbele yake. Ukitundika ubao wa shaba mbele ya ukuta mweusi utakuwa mweusi. Ukiutundika mbele ya shuka nyeupe utakuwa mweupe. Kwa hiyo swali si namna gani ya kuondoa mng'ao, swali ni umpe nini cha kuangalia. Sisi, baada ya aibu ya tanuri, tulirudi kwa mwenye ubao na shuka mbili. Nyeupe tuliitundika kando, ikipigwa na mwanga wa dirisha, na yeusi, ambayo ilikuwa pazia, tuliitundika nyuma yetu. Mpiga picha alivaa koti jeusi. Ubao ukapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na kila pigo la nyundo likaonekana lilipoanzia na lilipoishia. Mwenye ubao alisema hajawahi kuona kwamba yule mvuvi kwenye ubao wake ana ndevu.

Kuna wanaosema, weka miwani ya jua mbele ya kamera. Wana haki nusu. Miwani ya kawaida inafanya giza tu. Ile ya polarize, ambayo baadhi ya motari wanavaa, kweli inakata mmeto wa vernisi, wa kioo cha fremu, wa maji. Ili kuijua, itazame simu iliyowaka kupitia kioo cha miwani, halafu uizungushe: kwa simu nyingi, kioo cha simu kitafifia kisha kurudi. Iweke mbele ya jicho la kamera, simama kando kidogo ya kitu, si mbele kabisa, na uizungushe mpaka mmeto upungue. Lakini juu ya shaba tupu haitakusaidia, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma kitupu si wa namna ile. Ukiona mtu anakuuzia kioo cha kuondoa mng'ao wa shaba kwa dola kumi, mwachie kioo chake.

Nguo ya gome inataka kinyume cha haya yote. Katika msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, wanaume wa Wambuti wanagonga gome la ndani la mti mpaka linakuwa nguo, na wanawake wanachora juu yake kwa rangi nyeusi ya tunda la gardenia iliyochanganywa na makaa. Wengine wanaiita murumba, wengine pongo. Hakuna mstari unaorudia mwingine. Nguo hiyo haing'ai. Ukiipiga kwa mwanga laini wa mlango unapata michoro, lakini gome linakuwa kama karatasi, na mapigo yote ya nyundo yamepotea. Hapa unataka jua, na unalitaka likiwa chini. Ilaze nguo juu ya mkeka saa moja na nusu asubuhi, jua likitambaa juu yake kutoka upande, panda kigoda, piga kutoka juu. Kila nyuzi itatupa kivuli chake. Saa tatu utakuwa umechelewa. Njia hiyo inafaa pia kwa kikapu, kwa mkeka, kwa mti uliochongwa bila vernisi, na kwa rangi nene ya mchoro inayosimama kama matuta.

Waliotutangulia walikuwa na kazi ngumu kuliko yetu. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la American Museum of Natural History la New York, walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo. Lang alipiga maelfu ya picha, kwenye vipande vya kioo vilivyobebwa na wapagazi, kati yake za Wamangbetu na kazi zao za mikono. Vitu vingi vya wakati ule vimeoza, vimevunjika, ao viko ng'ambo. Picha ziko. Mtu anayetaka kujua nyumba ya mfalme Okondo ilichorwa namna gani anazitazama hizo.

Na hiyo ndiyo sababu tulirudi kwenye simu ya mama, na ile picha ya pili.

Ni ya mkoba ambao mama yake mzazi alishona. Mfano wa katikati ulikuwa wake mwenyewe, hakuna mwingine aliyeujua: mistari inayopinda kama mto, inakutana, inaachana. Mapema mwaka wa 2018, wakati watu wa Djugu walipokimbia, familia iliondoka usiku na watoto mgongoni. Mkoba ulibaki nyumbani. Nyumba iliungua. Mzee wa kike alifia hapa Bunia miaka miwili baadaye, na mikono yake ilikuwa imekwisha kutetemeka, hakuweza kushona tena ili binti aone.

Picha ilipigwa kabla ya hapo, kwenye sherehe ya ubatizo, usiku, na flashi. Pembe zote nne za mkoba ziko wazi, unaweza kuhesabu shanga. Katikati, pale mistari inapokutana, upana wa vidole vitatu, kuna doa jeupe.

Kijana mmoja wa sekretaria publike alimwambia mama kwamba kuna programu ya kutengeneza picha, dola tano tu. Tulimwambia ukweli, ingawa haukuwa mtamu. Mwanga ukizidi kiasi, kamera haiandiki kitu mahali pale. Hakuna shanga zilizofichwa chini ya weupe zikingoja kufunuliwa. Programu itachora kitu, na huenda kikapendeza, lakini kitakuwa chake, hakitakuwa cha mama yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi feza yangu inabaki."

Amekwisha jaribu kuushona mara tatu, kutoka pembe akielekea katikati, na mara tatu amefumua. Wa nne ulikuwa kwenye kigoda siku tuliporudi, saa mbili asubuhi, mlango wazi, taa imezimwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga picha. Sisi tulishika kartoni. Mteja wa Kampala alikuwa amekwisha kuona picha mpya za ule mkoba wa kwanza na kuagiza miwili. Si mitano, miwili. Lakini mama alikuwa amelifungua lile agizo mara moja tu na kulifunga.

Alivuta picha ya mkoba wa nne kwa vidole mpaka shanga zikajaa kioo cha simu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Shemeji yake alikuwa nyuma ya bega lake, akihesabu pia kwa midomo bila sauti. Kutoka kushoto, safu kumi na nane, sawa. Kutoka kulia, kumi na nane, sawa. Kidole kikafika katikati, kikasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa njo sijue."

Akaiweka simu dirishani, akachukua sindano.